Chartres au Amiens: ukiwa na siku moja nje ya Paris, uende kanisa kuu lipi?

Ukiwa Paris kwa masomo, kwa kikao au kumtembelea ndugu, na Notre-Dame umeshaiona, watu watakuambia upande treni uende Chartres. Ushauri huo ni mzuri, ila wengi huutoa kwa mazoea tu. Upande wa kaskazini, kwa mwendo unaokaribiana, kuna Amiens, na ni nadra kuisikia ikitajwa. Makanisa haya mawili yalijengwa katika karne moja, kwa elimu ile ile ya uashi, na yote yamewekwa chini ya jina la Bikira Maria. Hata hivyo anayetoka Chartres na anayetoka Amiens hurudi Paris na masimulizi yasiyofanana hata kidogo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukinivizia. Kama unataka kuelewa kanisa la Kigothi, yaani la mtindo wa matao yenye ncha na madirisha makubwa, ni kitu gani na linasimamaje, anza na Amiens. Kama unakwenda kusali, au kuona rangi ambayo hutaiona mahali pengine popote, nenda Chartres. Kama huwezi kuchagua kwa kigezo hicho, chini kuna vingine: watoto, hali ya hewa, mfuko, na uvumilivu wako mbele ya chuma cha karne ya 15.

Waashi walikuwa wanatafuta nini

Dari la mawe ni zito. Katika makanisa ya zamani lilibebwa na tao la nusu duara, na tao la namna hiyo huzisukuma kuta kwa nje. Waashi walijibu kwa kuzinenepesha kuta, na ukuta unaobeba kila kitu ukiutoboa dirisha kubwa umeudhoofisha. Ndiyo maana makanisa mengi ya karne ya 11 yana giza. Katika abasia ya Saint-Denis, kaskazini mwa Paris, ambako leo unafika kwa metro, Abate Suger alijenga upya upande wa altare na kuubariki mwaka 1144. Hapo vitu vitatu vilikutana. Kwanza tao lenye ncha, ambalo husukuma pembeni kidogo tu na kuuteremsha uzito kuelekea chini. Pili mbavu za mawe zinazokatiza dari na kuukusanya uzito kwenye nguzo. Tatu, madirisha mapana pale ambapo zamani pangekuwa na ukuta. Baadaye katika karne hiyo hiyo yakaja matao ya nje, yale yanayopita juu ya paa la ubavuni na kuukamata ukuta kwa juu ili usifunguke.

Tao lenye ncha lenyewe halikuzaliwa Ufaransa. Msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, ulijengwa kwa matao hayo katika karne ya 9, na aliyetembea magofu ya Gede kule pwani ya Kenya ameyapita kwenye lango la kasri. Kipya kilichofanyika kaskazini mwa Ufaransa ni kuviunganisha vyote hivyo katika mfumo mmoja, hata ukuta ukaachiwa huru na kazi ya kubeba.

Sasa ukuta ukishakuwa huru, utaufanyia nini? Chartres waliujaza vioo vya rangi. Amiens walikwenda juu.

Chartres: moto, vazi na vioo

Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 kanisa kuu la Chartres liliungua. Lilikuwa kanisa la Askofu Fulbert, lililoanzwa karibu mwaka 1020, nalo pia lilijengwa baada ya moto mwingine. Kilichonusurika ni kanisa la chini ya ardhi, minara ya mbele, na Mlango wa Kifalme ulio kati ya minara hiyo, wenye sanamu za katikati ya karne ya 12. Watu wa mji hawakulilia jengo tu. Chartres ilikuwa na vazi linaloaminiwa kuwa alilivaa Bikira Maria, zawadi ya mfalme Charles aitwaye Kipara, ya mwaka 876, na mahujaji walikuja kwa ajili yake. Mji uliishi kwa mahujaji hao: nyumba za wageni, masoko, sikukuu. Vazi likiwa limeungua, Chartres ingebaki kijiji cha wakulima wa ngano. Siku tatu baadaye makasisi wakatoka nalo zima kutoka chini ya ardhi walikokuwa wamejihifadhi, na habari hiyo ikageuzwa kuwa ishara kwamba Mama Maria anataka nyumba kubwa zaidi. Fedha zikaja.

Kazi ilikwenda kwa kasi isiyo ya kawaida. Karibu mwaka 1221 dari la upande wa altare lilikuwa tayari, na tarehe 24 Oktoba 1260 kanisa likatabarukiwa mbele ya mfalme Louis wa Tisa. Linganisha na Köln, Ujerumani, ambako jiwe la kwanza liliwekwa 1248 na kanisa likakamilika 1880. Kasi hiyo ndiyo iliyoipa Chartres umoja wake: ukitoa mnara mmoja na nyongeza chache, unachokiona ni wazo la kizazi kimoja au viwili.

Wazo lenyewe lilikuwa la ujasiri. Makanisa yaliyotangulia, Notre-Dame ya Paris mojawapo, yalikuwa na ghorofa ya roshani juu ya matao ya chini, na roshani hiyo ilisaidia kuubana ukuta. Mwashi mkuu wa Chartres, ambaye jina lake halikuandikwa popote, aliiondoa. Akayategemea matao ya nje, akabaki na ngazi tatu tu: matao ya chini, ujia mwembamba katikati, na madirisha ya juu yenye kimo kinachokaribia cha matao yenyewe. Dari liko mita 37 hivi kutoka sakafuni. Nafasi aliyoipata kwa kuondoa roshani yote aliitoa kwa vioo.

Na vioo hivyo bado vipo, jambo ambalo karibu hulipati kwingine. Kuna madirisha zaidi ya 170, yenye eneo la mita za mraba 2,600 hivi, na mengi ni yale yale ya miaka ya kama 1205 hadi 1240. Madirisha matatu ya upande wa mbele ni ya zamani zaidi, ya karibu mwaka 1150, na buluu yake ni nyepesi na kali kuliko ile ya karne iliyofuata. Ukitaka kuona tofauti hiyo, simama mbele ya dirisha maarufu la Bikira Maria wa buluu, upande wa kusini karibu na altare: vipande vya kati vilitengenezwa karibu 1180, moto ukapita, na mafundi wa vioo wakavizungushia malaika wapya wa karne ya 13. Enzi mbili katika fremu moja, na jicho la kawaida linazitambua.

Nenda na darubini. Nasema hili kwa uzito kuliko ushauri mwingine wowote wa Chartres. Madirisha ya chini yanasomeka kwa macho, lakini mengi yako juu mno, na bila darubini unabaki na rangi bila visa. Kwenye sehemu za chini za madirisha kadhaa utawaona waoka mikate na vikapu vyao, washona viatu, wauza manyoya, wachota maji, kila mmoja akiwa kazini. Zamani ilisemwa kwa urahisi kwamba vyama vya mafundi ndivyo vilivyolipia madirisha hayo. Wanahistoria wa siku hizi wanabishana: wapo wanaosema makasisi ndio waliowachora wafanyakazi, kwa sababu zao za kuhubiri na za mapato. Vyovyote iwavyo, ni mojawapo ya picha bora tulizonazo za watu wa kawaida wa Ulaya ya wakati huo wakiwa na mikono michafu.

Dirisha la duara la kaskazini lina nembo za ufalme wa Ufaransa na za Castile, ishara ya Malkia Blanche, mama yake Louis wa Tisa. Lile la kusini lina nembo za ukoo wa Dreux, ambao haukuwa ukipatana vizuri na malkia huyo. Mahasimu walishindania sifa ukutani mwa kanisa, na sisi tumerithi madirisha yote mawili.

Nje, minara miwili haifanani. Ule wa kusini, wa karne ya 12, unapanda hadi mita 105 hivi kwa ncha nyofu isiyo na mapambo. Wa kaskazini una mita 113, na ncha yake iliyosheheni nakshi iliwekwa na Jehan de Beauce kati ya 1507 na 1513 baada ya radi kuichoma ile ya mbao. Wapo wanaoona kasoro hapo. Mimi naona ndiyo sura nzuri kuliko zote za Ufaransa, na mnara mfupi ndio mzuri zaidi. Paa la kijani unaloliona kati yao si la kale: mbao za zamani ziliungua 1836, zikawekwa fremu za chuma na bati la shaba.

Kisa kimoja cha vita lazima nikitaje, kwa sababu bila hicho pengine ulinganisho huu usingekuwepo. Vioo viliondolewa kabla mapigano hayajafika na kufichwa mbali. Jengo lenyewe likabaki. Agosti 1944 jeshi la Marekani lilishuku kwamba Wajerumani wanaitumia minara kuelekeza mizinga, na kulikuwa na amri ya kulipiga kanisa. Kanali Welborn Griffith akajitolea kwenda kuhakikisha, akaingia, akapanda, hakumkuta mtu, na amri ikafutwa. Siku hiyo hiyo, tarehe 16, aliuawa kwenye mapigano kijiji cha jirani, Lèves.

Ugomvi wa chokaa

Kuna jambo litakalokugusa ukiingia Chartres ukiwa umezoea picha za zamani. Ndani kumepauka. Tangu 2009 kuta na dari zimesafishwa masizi ya mishumaa, ya moto na ya karne nyingi, na chini yake mafundi walikuta mabaki mengi ya rangi ya karne ya 13: manjano hafifu yenye mistari myeupe iliyochorwa kuigiza maungio ya mawe. Wakairudisha. Watu waliolipenda kanisa katika weusi wake walikasirika, na hasira ikazidi mwaka 2014 wakati sanamu ya Bikira Maria wa Nguzoni, iliyojulikana kwa vizazi kama Madonna Mweusi, ilipotoka kwenye ukarabati ikiwa na uso mweupe.

Kuhusu kuta, naona warekebishaji wana hoja: masizi hayakuwa sehemu ya wazo la mtu yeyote. Kuhusu vioo, hata hivyo, kuna gharama. Kuta zilipokuwa nyeusi, madirisha yalielea gizani. Sasa kuta nyeupe zinarudisha mwanga na kuyapunguzia makali. Na kuhusu sanamu, watu waliosali mbele ya uso mweusi miaka mingi walistahili kuulizwa kwanza. Ukienda leo, fahamu kwamba Chartres inayosimuliwa na wazee wetu mapadre waliosoma Ulaya haipo tena kwa sura ile.

Amiens: urefu, hesabu na mmea wa buluu

Amiens pia ilianza kwa moto, wa mwaka 1218. Miaka miwili baadaye Askofu Evrard de Fouilloy aliweka jiwe la kwanza. Hapa majina ya waashi wakuu tunayo, kwa kuwa yaliandikwa mwaka 1288 katikati ya labirinti, njia ya kuzungukazunguka iliyochorwa sakafuni: Robert de Luzarches, kisha Thomas de Cormont, kisha mwanawe Renaud. Robert alikuwa mtu wa mpangilio. Mawe yake mengi yalichongwa kwa vipimo vinavyofanana, hivyo mafundi waliweza kuyachonga kibandani majira ya baridi, wakati kupanga ukuta nje hakuwezekani, na mwaka ukigeuka kazi ni kuyapandisha tu. Ukumbi mkuu ulikamilika kwa miaka kama kumi na sita.

Fedha zilitoka shambani. Mkoa wa Picardie ulilima mmea uitwao waide, ambao majani yake husagwa, kufinyangwa na kuchachushwa hadi yatoe rangi ya buluu ya kutia nguo. Wafanyabiashara wake walitajirika hata wakajichongesha ukutani mwa kanisa: wanaume wawili na gunia lao kati yao, kwenye ukuta wa nje wa kusini. Hapo pana kichekesho kidogo cha historia. Mji uliopata utajiri kwa buluu umepoteza karibu vioo vyake vyote vya kale, na buluu iliyobaki ni ya Chartres. Vingine viliharibika kwa milipuko na dhoruba, vingine kwa kupuuzwa, na baadhi ya vile vilivyoondolewa visidhurike na Vita vya Kwanza vya Dunia viliungua mwaka 1920 katika karakana ya Paris vilikokuwa vikisubiri kurekebishwa.

Kwa hiyo ukiingia Amiens huzamishwi kwenye rangi. Unakutana na mwanga mweupe, na mwanga huo unakuonyesha kila kitu. Dari liko mita 42.3. Matao ya chini peke yake huchukua karibu nusu ya kimo hicho, na nguzo ni nyembamba kiasi kwamba macho hupanda bila kukwama. Eneo lake ni mita za mraba 7,700, kubwa kuliko kiwanja cha mpira cha kimataifa, na ujazo wake ni karibu maradufu ya Notre-Dame ya Paris. Hakuna kanisa kuu la kale Ufaransa lenye ujazo mkubwa zaidi likiwa limekamilika.

Ndiyo sababu nasema ni darasa bora. Simama katikati ya ukumbi mkuu, chagua nguzo moja, ifuate kutoka sakafuni. Utaona kijiti cha jiwe kinachopanda kwenye uso wake, kinapita kwenye mkanda wa majani yaliyochongwa, kinapita ujia, kinafika juu na kufunguka kuwa mbavu zinazokwenda pande tofauti za dari. Hiyo ndiyo njia ya uzito, ila wewe umeisoma kinyume. Halafu toka nje ukatazame matao yanayoupokea msukumo upande wa pili. Chartres unaweza kufanya zoezi hilo hilo, lakini utakatizwa na madirisha, na nani atakulaumu?

Chuma cha Amiens

Hesabu za Amiens hazikuwa kamili. Matao ya nje ya upande wa altare, aliyoyasimamia Renaud, yaliwekwa juu kupita kiasi, yakaacha sehemu ya chini ya ukuta bila mtu wa kuushika. Nguzo za katikati, pale mikono ya jengo lenye umbo la msalaba inapokutana, zikaanza kupinda na nyufa zikatokea. Mwishoni mwa miaka ya 1490 fundi Pierre Tarisel akaongeza matao mengine chini ya yale ya kwanza, na ndani ya ujia wa juu akauzungushia ukuta mnyororo wa chuma. Inasimuliwa kwamba chuma kiliwekwa kikiwa chekundu kwa moto ili kikipoa kijikaze. Mnyororo huo upo hadi leo, umejificha ndani ya ujia, na bado unafanya kazi.

Mwanafunzi wa uhandisi akiniuliza aende wapi, kwa mnyororo huo pekee namtuma Amiens. Chartres ilijengwa nzito kidogo na salama kidogo. Amiens walikwenda hadi ukingoni.

Sanamu: hapa Amiens inashinda, ila si peke yake

Sura ya mbele ya Amiens ina milango mitatu mirefu, na mlango wa kati una Kristo aliyesimama akibariki, ambaye Wafaransa humwita Mungu Mzuri. Chini ya manabii na mitume kuna safu ya vipande vidogo vilivyochongwa, na hivyo ndivyo ninavyokuomba usivipite haraka. Viko usawa wa macho. Mlango wa kushoto, wa Mtakatifu Firmin, askofu wa kwanza wa mji kwa mapokeo, una kazi za miezi: kupanda, kuvuna, kukanyaga zabibu, kuota moto wakati wa baridi. Hahitaji mtu kuwa Mkristo wala kujua Kifaransa ili kuelewa.

Usafishaji wa miaka ya 1990 kwa mionzi ya leza uligundua mabaki ya rangi kwenye sanamu hizo. Zilikuwa zimepakwa rangi kali: nyekundu, buluu, dhahabu. Kutokana na ugunduzi huo, majira ya kiangazi na wakati wa Krismasi mji hurusha mwanga usiku na kuzirudishia rangi kwa dakika chache, bila kiingilio. Chartres nayo hupamba majengo yake kwa taa kuanzia Aprili hadi Januari, na mji wote hushiriki, ila pale taa ni burudani zaidi. Za Amiens zina la kufundisha.

Chartres hata hivyo ina Mlango wa Kifalme. Wafalme na malkia wake wa Agano la Kale, warefu, miili ikifuata nguzo, nyuso zimetulia, ni wazee kwa karibu miaka themanini kuliko sanamu za Amiens. Ukivutwa na kitu kikiwa mwanzoni kabisa mwa kuzaliwa kwake, hawa watakutosha.

Ndani ya Amiens usiondoke bila kuona viti vya mwaloni vya makasisi: viti 110, vilivyochongwa 1508 hadi 1519, vikiwa na sanamu ndogo zinazohesabiwa kwa maelfu, kuanzia visa vya Biblia hadi muuza dawa na mwoka mikate wa mtaani. Nyuma ya altare kuna malaika mdogo anayelia, amelaza shavu mkononi, kazi ya Nicolas Blasset ya karne ya 17. Askari wa Vita vya Kwanza walituma kadi zake nyumbani kwa wingi hata akawa maarufu kuliko mitume wa mlangoni.

Kwa anayekwenda kusali

Chartres ni mahali pa hija hadi leo. Kila Pentekoste maelfu ya watu, wengi wakiwa vijana, hutembea karibu kilomita 100 kutoka Paris kwa siku tatu. Vazi la Bikira Maria, au tuseme vipande vilivyosalia baada ya kukatwakatwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, huonyeshwa ndani ya kanisa. Labirinti ya sakafuni, yenye njia ya mita 261 hivi, ni ile ile ya karne ya 13. Siku nyingi hufunikwa na viti, lakini Ijumaa za kuanzia Kwaresima hadi karibu na Watakatifu Wote huondolewa na watu hutembea kimya, wengine pekupeku. Kama hicho ndicho kinachokuita, panga safari yako Ijumaa na uhakikishe ratiba kabla ya kukata tiketi.

Amiens ina masalia yake pia: sehemu ya mbele ya fuvu inayoaminiwa kuwa ya Yohane Mbatizaji, iliyoletwa mwaka 1206 na kasisi Wallon de Sarton kutoka Constantinople, baada ya Wapiganaji wa Msalaba kuupora mji huo mwaka 1204. Wasomaji Waislamu watakumbuka kwamba Msikiti wa Umawiya wa Damascus una kaburi linalosemwa kuwa na kichwa cha Nabii Yahya huyo huyo. Kwa karne kadhaa fuvu la Amiens lilivuta wafalme. Siku hizi wengi hulipita wakielekea kwenye viti vya mwaloni. Labirinti ya Amiens, yenye umbo la pembe nane na njia ya mita 234, ilirudishwa mwishoni mwa karne ya 19 baada ya ile ya awali kung'olewa.

Hapa sina wasiwasi kusema Chartres inashinda kwa mbali. Amiens ni kanisa linalofanya kazi, lina Misa na lina waumini, lakini haina mkondo wa mahujaji unaoibadilisha hewa ya ndani.

Safari yenyewe

Treni ya Chartres inatoka Gare Montparnasse na huchukua saa moja na robo hivi. Ya Amiens inatoka Gare du Nord, na nyingi hutumia muda kama huo. Kutoka kituoni kwenda kanisani ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu katika miji yote miwili, ila Chartres kuna kupanda kidogo. Kuingia kanisani ni bure kotekote. Unalipia minara na, kwa Chartres, kutembezwa kanisa la chini ya ardhi, ambalo ni kubwa na linastahili bei yake. Jumapili asubuhi, wakati wa Misa, usitegemee kuzurura.

Hali ya hewa ina neno lake. Siku ya mvua na wingu zito, Amiens haipotezi kitu, kwa sababu kioo chake ni cheupe. Chartres inahitaji mwanga, na ningekwenda alasiri, jua likiwa limeshaelekea upande wa mbele wa kanisa na yale madirisha matatu ya 1150 yanawaka. Kipupwe, jua huzama mapema mno, kwa hiyo usiondoke Paris baada ya chakula cha mchana.

Ukiwa na watoto, Amiens. Kanisa ni pana, sanamu za miezi zinachekesha, na baada ya hapo unawapeleka kwenye bustani za majini zilizo pembeni mwa mji, ambako mashamba madogo yamekatwa na mifereji na watu hutembezwa kwa mashua. Kuna pia nyumba ya Jules Verne, aliyeishi na kufia Amiens. Mji wa Chartres ni mdogo na mzuri, una vichochoro vinavyoteremka hadi mto Eure, lakini mtoto aliyeshachoka na madirisha hana la zaidi pale.

Mpiga picha naye atauliza. Sura ya nje: Chartres, na uipige ukiwa mbali, treni inapokaribia na kanisa linaonekana juu ya mashamba ya ngano ya Beauce kabla mji haujaonekana. Sura ya ndani: Amiens, bila ubishi.

Kama umesoma hadi hapa na unajiambia kwamba hata Notre-Dame yenyewe hujaiona, basi anza nayo. Ilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya moto wa 15 Aprili 2019, kuingia ni bure, na nafasi unaweza kuweka kwa intaneti bila malipo ili usikae kwenye foleni ndefu. Reims ni ya anayependa historia ya wafalme, kwani huko ndiko walikotawazwa karibu wote, na treni ya kasi kutoka Gare de l'Est inafika kwa dakika 45 hivi. Ila iliungua vibaya kwa mizinga ya Wajerumani Septemba 1914, na mengi uyaonayo ni ya ukarabati.

Na kama ndege yako ya bei nafuu inatua Beauvais, usikimbilie basi la Paris mara moja. Mjini humo kuna kanisa la wale walioitazama Amiens wakasema watapanda zaidi. Dari lao lilifika mita 48 hivi mwaka 1272, sehemu yake ikaporomoka 1284, wakaijenga upya kwa nguzo nyingi zaidi. Katika karne ya 16 wakaongeza mnara wa mita 153, nao ukaanguka tarehe 30 Aprili 1573. Ukumbi mkuu haukujengwa kamwe. Unaingia upande wa altare, unatazama juu, na nyuma yako, pale ambapo kanisa lingeendelea, kuna ukuta.